Mwendo wa Kuazima

Baba yangu alizeeka siku moja, kati ya chai ya asubuhi na adhuhuri. Sisemi hivyo ili kuchekesha. Asubuhi ile aliondoka nyumbani kwetu Chemchem kwa miguu, kofia kichwani, redio ndogo mfukoni, anakwenda hospitali kuonyesha goti la kushoto lililokuwa likimsumbua kila mvua zikikaribia. Alirudi juu ya bodaboda, amemshika dereva kiunoni kwa mikono miwili, na aliposhuka akaniomba nimshike mkono avuke kizingiti. Kizingiti hicho amekivuka tangu mimi sijazaliwa.

Nikamuuliza wamekuta nini. Akasema hawakukuta kitu. Daktari, kijana mwenye adabu zake, alimpiga picha, akamkunja goti akamkunjua, akamwambia kwa upole kwamba haya ni mambo ya umri tu. Akamwandikia dawa ya kuchua na akamhimiza asiache kutembea. Daktari hakukosea, nataka hilo lijulikane, maana hapa mtaani watu wakikosa wa kumlaumu humlaumu daktari. Lakini neno la kutembea Baba hakulisikia. Alisikia lile la umri, akaja nalo nyumbani, akalala nalo.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kuamini mambo ya gizani. Nauza asali na nsansa sokoni, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na mtu wa soko akiamini kila anachoambiwa atafunga genge kabla ya mwezi kuandama. Waganga ninawajua, ni wateja wangu, wananunua asali na kuomba nipunguze bei kama watu wengine wote. Haya ninayoyaeleza niliyaona kwa macho yangu, mchana kweupe.

Tangu siku ile kila kitu kikawa umri. Akisahau miwani, umri. Chai ikipoa kabla hajainywa, umri. Akiamka mapema, umri, na akichelewa kuamka, umri vilevile. Alikuwa mtu wa reli, alistaafu zamani, na tangu astaafu alikuwa akilima mahindi na karanga Ntalikwa, anakwenda na kurudi bila kumsumbua mtu. Sasa akawa anakaa ukumbini anatazama mlango.

Na sisi tukamsaidia kuzeeka, mimi wa kwanza. Kwetu mzee akipendwa hunyang'anywa. Unamnyang'anya jembe, unamnyang'anya ndoo, unamnyang'anya kikapu, mwisho unamnyang'anya hata kijiko. Akitaka kunyanyuka, nyumba nzima imekwisha kunyanyuka. Kaka zangu walipiga simu kutoka Dar kila Ijumaa, na maneno yao ni yale yale: mwacheni mzee apumzike, mzee asisumbuliwe. Shamba tukalikodisha. Vijana wa mtaani wakimwamkia shikamoo waliinama mpaka wakakaribia kugusa chini, naye akaitika marahaba kwa sauti inayozidi kwenda mbali, hata ikawa unamwona mdomo unacheza ila husikii kitu. Utu uzima dawa, wanasema, lakini dawa nayo ikizidi ni sumu.

Kabla msimu haujaisha alikuwa kitandani. Tulikisogeza kitanda mpaka dirishani aone watu wakipita, nasi tukajiona tumefanya jambo jema. Mgongo ulijikunja. Kikohozi kikaja, kikavu, cha mara tatu na kuvuta pumzi, na hospitali wakasikiliza kifua wakasema ni safi. Hakuna ugonjwa waliouona. Mtu alikuwa anakwisha mbele ya macho yetu kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji.

Ndipo akaniita, akaniambia, "Mama, kaninunulie sanda." Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Nikaenda kwenye duka la Mhindi ambaye Baba amenunua kwake tangu wote wawili ni vijana. Hakuniuliza ni ya nani. Aliipima bafta polepole, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko, akasema nimsalimie. Nililia njia nzima, watu wakinitazama, na sikujali. Nilijua mvua zile za kwanza zitamkuta Baba hayupo, na kilichomuua ni neno ambalo halikuwa hata la kumtukana.

Baba alikuwa na mtani wake. Mzaramo wa Kisarawe, aliletwa Tabora na kazi ya treni, akaoa mwanamke wa kwetu ambaye mimi humwita shangazi, asirudi tena kwao. Utani wetu Wanyamwezi na Wazaramo ni utani wa njia. Babu zetu walibeba pembe na marobota kutoka huku hadi pwani, wakapita kwa babu zao, wakagombana, wakalishana, wakauguzana, wakazikana. Ikabaki ruhusa ya kutukanana bila kununa, na ukabaki wajibu wa msibani. Mtani hufika msibani akavaa nguo za marehemu, akaigiza mwendo wake, sauti yake, ubahili wake, mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka.

Huyu alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Nimewahi kumwona akiigiza marehemu mmoja wa mtaa wa pili hata mjane akainuka kumwandalia chakula. Alimpungukia Baba miaka michache tu lakini alikuwa mwepesi, mcheshi, hakai pahala pamoja. Alimwita Baba "mpagazi wangu", naye Baba akimwona anakuja humwuliza ngoma ameiacha wapi. Mimi aliniita mchumba tangu nina meno ya utoto. Na katika kazi yake kuna mwiko mmoja ambao hakuna anayehitaji kufundishwa: anayeigizwa msiba ni aliyekufa. Aliye hai haigizwi.

Habari ya sanda ilimfikia, sijui nani alimpelekea. Alasiri moja nilikuwa uani nachambua nsansa kwenye ungo, mgongo wangu umeelekea mlangoni. Nikamsikia akiingia kwa mlango wa mbele, sikushughulika, nikajua anakwenda kumtazama mgonjwa. Kukawa kimya. Kisha nikasikia kile kikohozi nyuma yangu, kikavu, mara tatu na kuvuta pumzi, na fimbo ikigonga sakafu ya uani.

Niligeuka nimkemee Baba kwa nini ametoka bila kuniita. Kanzu ni yake, kofia ni yake, fimbo ni yake. Mgongo ni wake, na ule mkono wa kushoto uliokuwa ukitangulia mbele kama unapapasa ukuta. Nilianza kusema, "Baba, utaanguka," na maneno yakanikauka kinywani, maana uso ulioinuliwa kunitazama haukuwa wa Baba. Ulikuwa wa mtani wake, nao haukucheka.

Akaniomba maji kwa sauti ya Baba. Akasema, "Umri huu, mama," vile vile, na ile pumzi mwishoni. Akatembea kutoka jikoni hadi getini, akageuka, akarudi. Majirani wakajaa kwenye ua. Mmoja alianza kucheka akaacha katikati. Mama mmoja akasema mzaha mzaha hutumbua usaha, akamnyanyua mtoto wake akaenda zake. Mzaramo hakusimama. Alitandika mkeka katikati ya uwanja, akatoa ndani ya kanzu kitambaa cheupe, akakikunjua, nikaona ni bafta yangu, ile niliyoilia njia nzima. Akajilaza chali, akajifunika sanda ya Baba gubigubi, na chini ya sanda akaanza kulia kwa sauti yangu mimi. Aliniigiza vizuri, mpaka kile kigugumizi kinachonishika nikikosa pumzi.

Nilimpiga na ungo. Sikufikiri, nilimpiga kichwani na ungo mzima, nsansa ikatawanyika uani kote. Hakutikisika. Aliendelea kulia kwa sauti yangu, na watu wote wakawa wamenyamaza, na pale nikashikwa na woga wa kweli, kwa sababu sikuwa na hakika tena nani amelala chini ya kile kitambaa.

"Mimi sitembei hivyo."

Baba alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili. Hakuna aliyemwinua, hakuna aliyemshika. Midomo ilikuwa inamtetemeka kwa hasira.

Kutoka chini ya sanda sauti ya Mzaramo, ya kwake mwenyewe sasa, ikajibu, "Unatembea hivyo. Kama ni uongo, nionyeshe."

Basi Baba akaachia fremu. Akashuka ngazi. Nikataka kumkimbilia, miguu ikakataa, na siku zote namshukuru Mungu kwamba ilikataa. Alitembea mpaka getini, anayumba, meno ameyauma, na alipogeuka kurudi mgongo ulikuwa umenyooka kuliko alivyoondoka. Alipofika kwenye mkeka alimpiga mtani wake teke dogo la ubavu, akamwita jina ambalo siwezi kuliandika, akakaa kwenye kigoda akihema. Kisha akauliza kama kuna ugali. Baba hakuwa ameuliza chakula kwa muda mrefu. Niliingia jikoni nikalia tena, safari hii kwa furaha, nikasonga ugali wa watu kumi.

Kuanzia kesho yake Mzaramo akawa anakuja kila alasiri. Walishika ile barabara ya zamani ya misafara inayotoka mjini kuelekea Ujiji, Baba mbele, mtani nyuma, amevaa kanzu ile na fimbo ile. Baba akijikunja, mtani anajikunja zaidi. Baba akikohoa, mtani anakohoa mpaka anaomba kuzikwa. Watoto waliwafuata wakipiga makofi. Baba aliona aibu, akainua kichwa, na akiinua kichwa hakuna cha kuigizwa. Ng'ombe hazeeki maini, mtani alimwambia kila wakifika mwisho wa safari. Siku zikaenda wakafika Ntalikwa. Baba alilidai shamba lake, wapangaji wakavuna karanga zao wakaondoka.

Goti halikupona. Mvua zikikaribia liliuma kama zamani. Ila sasa alisema linauma, hakusema umri. Kikohozi kiliondoka bila dawa. Kilichopona hasa sijui nikiite nini, lakini nilikiona kikipona siku hadi siku, na sikuwahi kufurahi vile maishani mwangu. Sanda tulimwomba mtani airudishe, akakataa. Alisema amekwisha kuilalia, ni mali yake. Tulicheka sana.

Asubuhi moja nilikuwa sokoni nafungua genge. Nikaona kwa nyuma mzee anapita upande wa mabucha, amejikunja, fimbo mkononi, mkono wa kushoto umetangulia unapapasa hewa. Nikasema moyoni Baba amerudia hali ile. Niliacha mitungi ya asali wazi nikakimbia, nikamshika bega, na aliponigeukia alikuwa Mzaramo.

Nilicheka kwa kupata nafuu. Nikamwuliza leo anamchekesha nani, maana hapakuwa na mtoto wa kupiga makofi, hapakuwa na Baba, hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa anamtazama. Hakuwa amevaa kanzu ya Baba wala kofia yake. Alikuwa na shati lake la siku zote. Alinitazama muda, anahema.

"Mchumba," akasema, "haitoki."

Nikamwuliza nini hakitoki.

"Kanzu navua. Kofia navua. Huu mwendo hautoki."

Akaniomba nisimwambie Baba. Lakini mimi siri haikai kwangu, na ile sikuiona kuwa siri, niliiona kuwa moto umeshika paa. Jioni ile ile nilimwambia. Baba aliweka kijiko chini, akavaa viatu. Nikafuatana naye na mtungi wa asali, ili ionekane tumekwenda kusalimia tu.

Tulimkuta barazani na shangazi. Mvua zilikuwa karibu, mbingu imevimba. Mtani alikuwa anasugua goti lake la kushoto. Shangazi akasema katika maisha yao yote hajamsikia akitaja goti. Kisha mtani akaanza kuzungumza, taratibu, namna wazee wanavyokumbuka kazi. Alieleza siku walipokuwa wanabadilisha chuma cha reli upande wa Usoke, asubuhi ya baridi, chuma kikawaponyoka, na jinsi kilivyompasua kiganja, na jinsi damu ilivyoingia kwenye kokoto. Akafungua kiganja chake cha kulia atuonyeshe kovu. Akakitazama. Akakigeuza, akatazama upande wa pili, akarudia upande wa kwanza.

Kovu lile ni la Baba. Mzaramo kazi yake ilikuwa ndani ya mabehewa, hajapata kunyanyua chuma cha reli. Nilimtazama Baba, nikamwona ameuficha mkono wake wa kulia chini ya paja.

Najiambia kwamba hadithi ile alikuwa ameisikia mara nyingi, na mtu akiisikia hadithi miaka na miaka anaweza kujikuta yumo ndani yake. Ndivyo ninavyojiambia. Jioni ile lakini nilitaka kuondoka barazani pale, na asali niliisahau mkononi nikarudi nayo.

Baba akawa ndiye anayekwenda kwa mtani kila alasiri. Alimtukana, akamwita Mzaramo kazi yako ngoma, akamwambia ainuke waende Ntalikwa kula karanga. Mtani alicheka, ila alicheka amekaa. Dawa moja ndiyo ilikuwa imemponya Baba, na Baba aliijua, na asingeweza kuitumia: ili amwigize mtani ilimpasa ajiigize mwenyewe alivyokuwa kitandani. Siku moja alijaribu. Tulikuwa uani kwao, mtani anakwenda chooni na fimbo, na Baba akainuka nyuma yake akaanza kukunja mgongo. Niliona bega lake la kushoto linashuka na mkono unatangulia, na uso wake ukaingia kivuli nilichokuwa nimekisahau. Nilimvuta kanzu kwa nguvu.

"Baba, usithubutu," nilisema, kwa ukali ambao mtoto hapaswi kumtolea mzazi.

Akanyooka. Hatukulizungumza tena. Lakini tangu pale nilijua ninachokiogopa. Nilimpenda yule mzee aliyeniita mchumba, na nilikuwa tayari amalizike yeye kuliko Baba arudi alikotoka. Nisidanganye, ndivyo moyo ulivyokuwa.

Walimpeleka hospitali. Wakasema moyo wake umechoka siku nyingi, wakashangaa amekuwa akitembeaje. Walimpa vidonge, miguu ikapungua kuvimba, ikavimba tena. Mvua zilipoanza, asubuhi moja, shangazi alimpelekea chai barazani akamkuta ameinamisha kichwa, fimbo imelala miguuni. Hakuamka tena.

Walimzika siku ile ile, baada ya adhuhuri. Ilipotafutwa sanda, shangazi alifungua kasha akaitoa ile ile bafta, imekunjwa vizuri. Sikuweza kuitazama.

Wanaume walipokwenda makaburini nilikaa na shangazi ndani. Alikuwa ametulia mno, kama watu wanavyotulia kabla machozi hayajapata njia. Akaniambia jambo ambalo sikuliomba. Kumbe mumewe alikuwa anaumwa tangu kabla Baba hajaenda kuonyesha goti. Akitoka stesheni kuja nyumbani alisimama kila baada ya nyumba chache, anajifanya anamtania mtu, kumbe anatafuta pumzi. Hospitali alikataa. Mtani gani wa kulala kitandani, alimwambia, nani atacheka? Mficha maradhi kifo humuumbua, shangazi alimwambia mpaka akachoka.

"Alipoanza kumwigiza baba yako ndipo alipopumzika," akasema. "Alipata pahali pa kutembea pole pole bila kuulizwa."

Kwa hiyo alasiri zote zile kwenye barabara ya Ujiji, watoto wakipiga makofi, nyuma ya Baba alikuwa anatembea mgonjwa, anatembea kama anavyojisikia, na sisi tunashikilia mbavu kwa kicheko. Au alikuwa mzima, akavaa uzee wa mwenzake mpaka moyo ukaamini, kama moyo wa Baba ulivyoliamini neno la daktari. Shangazi anasema lile. Kiganja kile kilichokuwa kinatafuta kovu kinasema hili. Sijui lipi linaniogopesha zaidi.

Wanaume wakarudi. Watu wakakaa kwenye majamvi, chakula kikaja, na pole pole macho yakaanza kumgeukia Baba. Walikuwapo Wanyamwezi wengine, lakini mtani wake ni yeye, na wajibu ni wajibu. Baba akainuka. Akamwomba shangazi kofia ya marehemu na makubazi yake.

Mimi nilikuwa upande wa wanawake. Kila mtu pale alijua mwendo wa mwisho wa marehemu ni upi. Ndio waliouona miezi yote hii, ndio watakaoutambua, na mtani mzuri humwigiza mtu kama watu walivyomwona. Nilisimama. Jirani akanivuta khanga nikae, nikamtoa mkono. Nilikuwa radhi kuvuruga msiba wa watu, nipige kelele, nianguke chini, chochote. Baba aliinama kuvaa makubazi, akakaa ameinama muda mrefu sana, mgongo umejikunja kabisa, na nikasema moyoni basi, amekwenda.

Akainuka. Kifua kikatangulia. Kofia aliisukuma upande wa sikio, kidevu juu, macho yanatafuta wa kumtukana. Akaanza kutembea, na yale makubazi yakapiga chini upesi upesi mara mbili, yakaburura kidogo, yakapiga tena. Ulikuwa mwendo wa Mzaramo wa zamani, yule aliyeshuka kwenye treni akamtongoza shangazi, mwendo ambao wengi wetu tulikuwa tumesahau kwamba ulikuwapo. Akasema kwa sauti ya pwani kabisa kwamba wapagazi nyie mmeshiba wali wangu, sasa mnalia nini. Watu walicheka, wanaume kwa wanawake, tukacheka mpaka tukaegemeana. Kisha kicheko kikapungua chenyewe, kikaisha, na makubazi bado yanapiga. Hakuna aliyekuwa anacheka na yeye bado anatembea, na kwa nyuma hakuwa Baba.

"Kaka," shangazi akasema, "kaa chini. Nimeshamwona."

Baba hakukaa papo hapo. Alimaliza mpaka getini, akageuka, akarudi, ndipo akakaa. Na machozi ya shangazi yakapata njia.

Makubazi aliyachukua, ni haki ya mtani. Mwaka umepita na zaidi. Baba anayavaa kila siku, na akiyavaa anatembea vile. Hajui. Niliwahi kumwuliza mbona unakwenda kama Mzaramo, akanishangaa, akasema yeye anakwenda kama siku zote. Analima. Shinikizo la damu liko sawa, daktari yule yule kijana amempima akamwuliza anatumia dawa gani. Goti lake hata mvua zikija halitaji. Mimi nikifuatana naye njiani natembea ubavuni pake, sipendi kuwa nyuma.

Juzi nilimpelekea shangazi asali. Akanikaribisha chai, tukazungumza ya soko, kisha akasema ana neno. Alfajiri Baba akienda msikitini hupita mbele ya nyumba yake. Shangazi husikia makubazi yanakuja kutoka mbali, mara mbili na kuburura, mara mbili na kuburura, naye hushtuka amekwisha kuwasha jiko na kubandika maji ya mume wake kutawadha. Hukumbuka maji yakiwa ya moto. Jana yake, akasema, alikuwa amekwisha kufungua mlango. Akaniomba nimwambie Baba apite mtaa wa pili, au angalau abadili viatu.

Nilikaa na kikombe mkononi. Ningeweza kumdanganya, nikasema nitamwambia. Nilimwambia kweli.

"Shangazi, mwendo ule nikimvua, sina mwingine wa kumpa."

Alikunja na kukunjua pindo la khanga. Sikumwangalia usoni, nilishindwa.

"Basi apite," akasema mwisho. "Maji nitabandika."